Vipande vya Nguo ya Oydin

Margilan, 9 Septemba 2016

Shangazi Hojar mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba, na dawa unainywa kabla ya kula, si baada. Mwanao Ravshan hajambo? Mkewe je, amepata nguvu? Na mtoto wao, Asilbek wetu, ananyonya vizuri? Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu. Mforsadi wa uani umeanza kupukutisha majani. Dada Oydin naye anakusalimu, ingawa wewe hukumsalimia tulipoagana Jumapili.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika mara tatu kwenye daftari kabla ya kuinakili hapa. Unanijua, shangazi. Mbele ya watu ulimi wangu hugeuka jiwe, na kwenye simu najibu "ndiyo" na "sawa" mpaka mtu anachoka. Lakini ulipokuwa mwalimu ulituambia asiyeweza kusema na aandike. Shule nimemaliza tangu Juni, sina tena wa kunisahihisha, basi nisamehe penye makosa.

Nataka kusema juu ya karamu ya susu ya Asilbek, alipolazwa mara ya kwanza kwenye kitanda chake cha kubembea. Tulikuja Kokand kwa furaha. Oydin alikaa siku mbili akipiga pasi gauni lake. Wakwe wako kutoka Rishton walikuwa wamekwisha leta susu, imepakwa rangi, shanga nyeusi na nyeupe zimeshonwa kwenye kamba juu yake. Kina mama wakakaa, mtoto akafungwa ndani ya susu, wakaanza kupita mmoja mmoja kumtazama, na kila mmoja akasema mashallah na kutema mate kidogo pembeni. Oydin alipofika alisimama. Akatazama. Akaendelea kutazama. Hakusema mashallah. Mkwe wako, mama wa mke wa Ravshan, akaanza kuhema. Ndipo wewe, shangazi, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka uani: "Mtoeni huyu, macho yake yamenata kama nzi kwenye halua!"

Watu walicheka. Kisha hawakucheka tena. Halimaboshi yule mpishi alimshika mkono akampeleka jikoni amenye karoti za pilau, na huko ndiko alikokaa mpaka jioni, siku ya karamu, na gauni lake la pasi.

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwako. Sikusema kitu. Nimeona haya kwa hilo mpaka leo.

Sasa nisikilize tafadhali. Mwezi wa tano nilimsindikiza Oydin kwa daktari wake, Daktari Muazzam. Walikuwa na mashine inayofuata macho. Unatazama picha, na kidoa chekundu kinaonyesha macho yako yalikokwenda. Nikajaribu na mimi. Picha ilikuwa ya harusi. Kidoa changu kiliruka kwa bibi harusi, kwa bwana harusi, kwa mama mkwe, kwenye vyakula, mlangoni, kikarudi kwa bibi harusi. Kidoa cha Oydin kilitua kwenye pindo la kitambaa cha meza kikabaki hapo. Kikasogea kidogo. Kikabaki tena. Usoni mwa watu hakikufika kabisa. Daktari akaniambia: "Macho yako yanarukaruka kama shomoro. Ya dada yako hukaa yalipotua. Wengi wenye skizofrenia, maradhi ya akili kama yake, huwa hivyo, ingawa si wote. Si kiburi, wala si dharau. Ni namna macho yake yanavyofanya kazi."

Basi baada ya karamu, tukiwa njiani kurudi Margilan, nilimwuliza Oydin alikuwa akitazama nini kwenye susu. Akasema: "Shanga ni kumi na tisa. Ya tisa imepasuka." Basi. Huo ndio uovu wote uliokuwa machoni mwake.

Naomba umpigie simu umwombe radhi. Au umwite tena. Gauni lile amelitia chini kabisa ya sanduku.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Zebiniso


Kokand, 14 Septemba

Zebiniso mwenye ulimi mpya,

Marahaba mwanangu, marahaba sana. Miguu inavimba kama kawaida, dawa nakunywa ninapoikumbuka. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu. Nisalimie mama yako, umwambie majani yake ya rehani niliyoonja yalikuwa matamu. Nisalimie Bibi Robiya jirani yenu, kama bado anagombana na kuku. Nisalimie hata ule mforsadi niliopanda na marehemu baba yako tukiwa watoto.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu nyekundu mkononi, na makosa ni mawili tu. Hongera. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya pazia wageni wakiingia, leo ananifokea kwa mwandiko mzuri! Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena.

Lakini na wewe sikiliza. Usiku ule ule wa karamu mtoto alipanda joto. Mwili ulikuwa kama tanuri. Mkwe wangu wa Rishton alinitazama tu, na wewe hujui mkwe anavyoweza kutazama. Tulifukiza isiriki, mmea wa kufukuza jicho, mpaka macho yakatutoka machozi sote. Mimi nilizika mtoto wa miezi miwili mwaka ambao baba yako aliingia jeshini. Hilo haliko kwenye mashine yako.

Sikusema Oydin ana roho mbaya. Nimesema ana jicho, na mwenye jicho hajui kwamba analo, ndiyo maana hatumlaumu. Tena umeniletea ushahidi mwenyewe! Daktari mzima, na mashine, anasema macho yake yakitua hayaondoki. Sasa tunaogopa nini sisi wazee, kama si hilo hilo? Sayansi imetukuta tumekwisha kaa.

Jumanne ijayo nakuja kwenu kukaa siku tatu, nina mambo ya kitambaa cha hariri kwa fundi. Nitaleta halua. Usininunie.

Shangazi yako anayekupenda,
Mwalimu Hojar


Margilan, 4 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mgongo haukuuma njiani. Joto la Asilbek limeshuka? Mama anakusalimu. Halua imekwisha, Bibi Robiya alikula nyingi kuliko sisi. Ameniambia nikuandikie kuwa kuku ndio wanaomgombeza yeye.

Katika barua yako ulimsalimia mti, shangazi. Oydin hukumsalimia. Ulipokuwa hapa siku zile tatu nilisubiri uzungumze naye, nawe ulikuwa ukimwita "huyu": huyu amekula, huyu amelala? Ana jina. Na nataka ujue kwamba sijakubali neno lako la sayansi. Mashine imesema macho yake hukaa. Haikusema yanaunguza. Ungekuwa bado mwalimu, ungempa sifuri mwanafunzi anayeruka hivyo kutoka sentensi moja hadi nyingine.

Lakini leo nina jambo jingine, na roho yangu ni nzito. Oydin anasema kuna mtu anamkata nguo. Alianza kusema wiki ile uliyoondoka. Huketi na gauni magotini, anashika pindo, ananiambia: "Hapa. Na hapa." Namwuliza nani? Anasema hajui, hakumwona. Nimelitazama gauni juu hadi chini, sikuona kitu. Mama anasema ni nondo, au pasi. Fundi Mirolim, anayempa Oydin kazi ya kufunga mafundo kwenye mtande, zile nyuzi ndefu za kufumia hariri, kabla ya kutiwa rangi, anasema kazini hajabadilika, mafundo yake ni yale yale safi. Ni nyumbani tu ndipo anaposema hivyo.

Alhamisi tulikwenda kwa Daktari Muazzam. Akauliza kama dada anasema mambo mapya. Mama alitazama mkoba wake. Mimi, niliyeshindwa kusema siku ya susu, safari hii nikajikaza nikasema. Nikasema: anasema watu wanamkata nguo. Daktari akaandika. Akaeleza kuwa mawazo ya kuandamwa ndiyo mara nyingi yanayotangulia ugonjwa ukirudi, akaongeza dawa, akasema kama hayatakoma atamlaza. Oydin alikuwa hapo hapo. Hakunitazama, maana hatazami mtu usoni, lakini alinisogezea pindo la gauni mkononi, polepole, kama mtu anayekupa barua uisome.

Nilifanya vyema, sivyo? Ukweli ni lazima kusemwa. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mama ameomba aifunge bahasha hii yeye mwenyewe, anasema anakuwekea mbegu za rehani.

Ni mimi,
Zebiniso


Kokand, 11 Oktoba

Zebiniso mwanangu,

Marahaba. Je, hamjambo? Mama hajambo? Koo la mama limepona? Umeme haukatiki? Baridi imeanza? Bibi Robiya hajambo, na kuku wake? Fundi Mirolim hajambo? Huku sote wazima. Ravshan mzima, mkewe mzima. Asilbek anaendelea vizuri, ila jioni joto humrudia.

Kuhusu lile jingine, daktari ndiye ajuaye. Mtii mama yako, usijitwishe mambo makubwa. Hapa namtuma Qobil, dereva anayebeba barua zetu, akupe kitambaa cha hariri, kinatosha gauni moja. Ni cha Oydin. Mshonee jipya.

Nina kazi nyingi, nakomea hapa.

Shangazi yako


Margilan, 23 Oktoba

Shangazi Hojar,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Hali ya Oydin sitakusubiri uiulize, nitakwambia mwenyewe. Alilazwa Jumanne.

Walikuja na gari. Hakupigana. Alijifunga kitambaa chake cha kichwa chenye maua, akauliza kama atarudi kabla ya mtande wa Fundi Mirolim kupelekwa kwa watia rangi, na hakuna aliyemjibu.

Siku iliyofuata nilifua nguo zake. Ilikuwa mchana, jua kali, nikalianika gauni la kijani kwenye kamba mbele yangu, na kwa kuwa nilikuwa nalia na sikutaka kuonekana na jirani, nikabaki nimesimama nyuma yake kwa muda mrefu, uso umekaribia kitambaa. Ndipo nikaona mwanga. Tundu dogo, ndani ya pindo, mahali pasipoonekana nguo ikivaliwa. La mraba. Ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Nondo hali mraba, shangazi. Pasi haiunguzi mraba. Nikatoa nguo zake zote nikazitandaza kitandani. Nilitafuta mpaka mama akaniita kula na sikwenda. Matundu saba, yote kwenye mapindo ya ndani, yote yamekatwa kwa mkasi.

Alikuwa akisema kweli. Wiki tatu alikuwa ananionyesha kwa kidole na mimi natazama gauni zima kwa mara moja, kama macho ya shomoro, naona gauni, sioni tundu. Yeye aliona tundu, na hakumwona aliyekata kwa kuwa nyuso hazitazami. Basi sote wawili tuliona nusu, na nusu yangu ndiyo iliyopelekwa kwa daktari.

Nikaenda kwa Bibi Robiya, nikamwonyesha. Hakustaajabu hata kidogo. Akasema: "Kwani hujui? Mwenye jicho hukatwa kipande cha nguo bila yeye kujua, kikachomwa pamoja na isiriki, na mtoto akafukizwa moshi wake. Lazima asijue, ama haifanyi kazi." Kisha akanitazama akafunika mdomo.

Siku tatu ulilala chumba kimoja na sisi, shangazi. Kisha ukamletea kitambaa kipya.

Sikuandiki ili ukubali au ukatae. Naandika kwa sababu ya jambo hili moja: tarehe 3 Novemba, Alhamisi, jopo la madaktari litaamua kama Oydin arudi nyumbani au akae wodini mpaka masika. Kila asubuhi muuguzi humwuliza: "Je, bado wanakukata nguo?" Naye hujibu: "Ndiyo, walikata." Wanaandika, wanaongeza dawa. Jana niliruhusiwa kumwona. Mikono inamtetemeka, kijiko hakifiki mdomoni bila kumwagika. Nilimnong'oneza:

"Sema hapana tu, dada. Mara moja tu."

"Lakini walikata."

"Najua. Nimeyaona."

"Basi kwa nini niseme hapana?"

Aibu iliyonishika sitaisahau. Mtu anafungwa kwa kusema kweli, na mimi mwenye akili timamu namsihi adanganye.

Naomba karatasi moja. Mwandikie Daktari Muazzam kwamba ulikata. Mistari miwili. Hutaandika zaidi ya hapo.

Zebiniso


Kokand, 27 Oktoba

Zebiniso,

Salaam zako nimepokea.

Katika maisha yangu nimefundisha watoto mia saba na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia hivi. Nimewapangusa pua wewe na dada yako. Baba yenu alipokufa ni mimi niliyemvua mama yenu nguo za msiba. Leo nahukumiwa na binti ambaye akitumwa chumvi kwa jirani anarudi mikono mitupu kwa kuona haya!

Haya. Nilikata. Nilikata mara tatu, na vyote vitatu nilivichoma. Mtoto alikuwa anaungua, Zebi. Kila jioni naushika mguu wake naona ule mguu mwingine, wa mwanangu, niliouosha kwa mikono hii. Ungenipa mkasi na kuniambia kata nyota, ningekata nyota. Oydin hakuumia. Ni kitambaa. Sikujua atakiona. Nani huona kitu kama hicho?

Lakini kuandika kwa daktari, hapana. Mimi ni mwalimu mstaafu. Picha yangu imetundikwa ukutani shuleni. Niweke sahihi yangu chini ya maneno kwamba nilimfukiza mtoto kwa pindo la gauni? Wale wa Rishton wakijua kuwa niliamini mtoto wao ametiwa jicho na damu yangu mwenyewe, mke wa Ravshan atarudi kwao kesho. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Na kabla hujaninyoshea tena kidole, hesabu vizuri. Nimesema tatu. Wewe umesema saba. Hizo nne muulize mama yako.

Usiniandikie mpaka hasira zako ziishe.

Hojar


Margilan, 30 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Hasira hazijaisha, lakini muda unaisha.

Nilimwuliza mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Shangazi yako alipiga simu kila Jumatatu," akasema. "Anasema mtoto bado, lete kingine. Ningefanyaje? Yeye ndiye mkubwa."

"Ulivipeleka vipi?"

"Kwa Qobil. Ndani ya mbegu za rehani."

Ndani ya barua yangu, shangazi! Barua ile niliyokuuliza kama nilifanya vyema kusema ukweli, ndani yake mlikuwa na kipande cha gauni la Oydin. Nilikuletea mwenyewe.

Nikamwambia: "Mama, ulikaa pale kwa daktari. Nilikuwa nikisema, na wewe ulikuwa unajua."

Akasukuma sinia. "Unadhani nilifanya kwa ajili ya mtoto wa Ravshan tu? Nilisema hilo jicho likichomwa, likaisha, watu watamruhusu tena kukaa karamuni. Watamruhusu kushika watoto. Na wewe utaposwa, maana nani ataposa nyumba ambayo watu wanaiogopa?" Kisha akasema, polepole: "Nilipotaka kumwambia daktari, wewe ulikuwa umekwisha sema."

Basi na mimi nimo. Wewe ulikata, mama alikata, na mimi nikapeleka habari kwa daktari kwamba hakuna aliyekata. Sijisafishi. Lakini sisi watatu tunalala kwenye magodoro yetu, na asiyefanya kitu ndiye aliyefungiwa.

Siogopi kukukosea heshima tena. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu zamani, sasa limekuwa dogo. Ninachoogopa ni mlango wa chumba cha jopo. Kuna meza ndefu na watu watano nyuma yake. Sijawahi kusema mbele ya watu watano. Darasani nikiitwa ubaoni nilikuwa natokwa na jasho mpaka chaki inalowa.

Njoo. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye benchi la bluu katika ukumbi wa hospitali, na nguo za Oydin ndani ya mfuko. Ukija, huhitaji kuandika chochote wala kutia sahihi. Utasema neno moja halafu utaondoka. Qobil anatoka Kokand saa kumi na mbili.

Zebiniso


Margilan, 6 Novemba

Shangazi,

Hukuja. Nilikuwekea nafasi kwenye benchi, nikaweka mfuko hapo ili mtu asikae. Saa tatu na robo nikauondoa.

Nitakueleza yaliyotokea ili usiyasikie kwa mtu mwingine.

Nilitandaza nguo mezani. Nilisema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mbu, mpaka mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye miwani, akasema, "Binti, tunaomba tukusikie." Nikaanza upya. Niliwaonyesha matundu, moja moja. Walitazama. Mwenyekiti akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi: "Tunaona. Lakini hatujui aliyekata. Wagonjwa wakati mwingine hukata wenyewe, kisha wakaamini ni wengine."

Yaani hata tundu likionekana, bado ni ugonjwa wake! Angeonyesha jeraha wangesema amejichoma. Nilisimama pale nikaona kwamba mtu akishaandikwa jina la ugonjwa ule kwenye jalada, hana tena namna ya kuwa sahihi. Hata akisema mvua inanyesha lazima aletewe shahidi aliyelowa.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Ulisema nisimwonyeshe mtu. Nilikuwa nimeichukua bila kuamua chochote, naapa. Nikaitoa nikaiweka mbele ya Daktari Muazzam. Akaisoma kimya. Akarudia tena, kwa sauti: "Nilikata mara tatu, na vyote vitatu nilivichoma." Akavua miwani. Nyuma yangu, mama akasema: "Na nne ni zangu." Hakulia. Alisimama wima kabisa.

Daktari Muazzam alimgeukia Oydin, akasema mbele ya wote: "Nisamehe. Uliniambia, na mimi nikaandika kitu kingine." Sijawahi kusikia daktari akisema hivyo. Oydin alikuwa anatazama mkono wa koti la daktari. Akasema: "Kifungo chako kinataka kuanguka." Kikaanguka kweli, daktari alipokishika. Hata mwenyekiti alicheka.

Wamemruhusu. Dawa wanaipunguza polepole kwa majuma manne. Bado anatetemeka. Kijiko bado kinamwagika. Mtande wa Fundi Mirolim ulipelekwa kwa watia rangi bila mafundo yake, amepewa mtu mwingine kazi, na ninapoandika haya Oydin ameketi mikono ameikalia ili isionekane. Hayo hayapo kwenye kitambaa, shangazi. Uliandika kwamba hakuumia.

Kuhusu mkweo wa Rishton, sikumwambia mtu. Jopo linafunga midomo yake kwa sheria. Picha yako itabaki ukutani.

Jambo la mwisho. Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Oydin matundu yalikuwa saba, tumeyapata yote. Akasema, "Nane." Akavua kitambaa cha kichwa, kile chenye maua alichokwenda nacho wodini, akanionyesha pembe yake. Mraba. Tukio hilo anasema ni la zamani kuliko mengine. Mama ameapa si yeye. Wewe uliandika tatu.

Hatutakuja Kokand, kwa harusi wala kwa msiba, mpaka nijue la nane ni la nani.

Zebiniso


Kokand, 29 Novemba

Binti yangu Oydin,

Assalamu alaikum. Hii si ya Zebiniso, ni yako, na nimemwambia Qobil aitie mkononi mwako.

Hujambo, mwanangu? Mikono inaendeleaje, bado inatetemeka? Unakula? Kijiko kinafika? Fundi Mirolim amekurudishia kazi? Kama hajakurudishia, niambie, nilimfundisha hesabu na bado ananiogopa.

Mdogo wako ameuliza swali na nimekaa nalo wiki tatu. Nilianza barua hii mara nyingi. La nane ni langu. Lakini ni la kwanza. Nilikata pembe ya kitambaa chako cha kichwa siku ile ya susu, wewe umeinama unamenya karoti, nikapita nyuma yako kama ninayetafuta kisu. Ilikuwa adhuhuri. Mtoto alikuwa amelala, mzima, mwili baridi. Joto lilikuja usiku.

Nilimwandikia Zebiniso kwamba nilikata kwa sababu mtoto alikuwa anaungua. Si kweli. Nilikata kabla hajaungua. Tangu ulipougua nilikuwa nikikuogopa, na siku ile nilipata kisingizio.

Asilbek amepona. Lilikuwa sikio. Daktari wa watoto alitoa matone, siku tano likaisha. Mkwe wangu nimemweleza yote mwenyewe. Alikasirika, akaondoka, akarudi na mkate. Picha ile shuleni nimewaambia waishushe, wamekataa, wanasema msumari umeshika kutu.

Juzi nilikaa mbele ya susu nikahesabu shanga. Kumi na tisa. Nikaitafuta iliyopasuka. Nilitazama kwa nusu saa, kwa miwani, nikaivua, nikaivaa, mke wa Ravshan akadhani nimepatwa na kitu. Ya tisa. Ufa mwembamba kama unywele. Wanawake arobaini tulipita pale.

Kipande chako sikukichoma. Nilikificha kwenye kopo la sindano, nikaona haya, na usiku mtoto alipopanda joto nikadhani ni kwa sababu sikukichoma, ndiyo nikaja kukata vingine. Kimo ndani ya barua hii, kwenye karatasi ya bluu. Kitazame kama ndicho. Wewe utajua.

Sikuombi uje. Nitakuja mimi, ukiniruhusu, na nitagonga.

Nijibu hata kwa mstari mmoja, kwa mkono wako, hata kama unatetemeka. Unalala vizuri usiku?

Shangazi yako,
Hojar